Kupanda Lupanga Pasipo na Kibao cha Njia: Maswali Ninayoulizwa Kila Mara

Ukishuka stendi ya Msamvu asubuhi isiyo na mawingu, ukatazama kusini, mlima uliosimama juu ya mji wa Morogoro kama ukuta ndio Uluguru, na moja ya nundu zake za mbele ni Lupanga. Uko karibu kiasi kwamba mtu anajiambia atapanda, atateremka, kisha atawahi chakula cha mchana. Mimi naishi chini yake, nimeupanda mara kadhaa, na mara moja ulinilaza njaa. Tangu hapo watu hunipigia simu kuuliza, na maswali ni yale yale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu.

Kweli Lupanga hauna njia?

Njia zipo, tena nyingi mno, na hapo ndipo shida inapoanzia. Kwenye mashamba kila familia ina njia yake ya kwenda kwenye migomba, ya mtoni, ya kwa shemeji, ya kanisani au msikitini. Ukiingia msituni unakuta vinjia vya waliotafuta kuni, dawa au asali miaka iliyopita, na vingine vya nguruwe pori. Hakuna hata kimoja kilichotengenezwa ili mgeni afike kileleni. Hakuna kibao, hakuna mshale wa rangi kwenye mti, hakuna ngazi wala kamba.

Bondwa, kilele jirani chenye minara ya mawasiliano, ni tofauti. Mitambo ile ina watu wanaopanda kuihudumia, kwa hiyo njia inabaki wazi, na chini yake kuna barabara inayofika Morningside, ile nyumba ya zamani ya Wajerumani. Mgeni akiniambia hajawahi kupanda mlima wowote, namwambia aanze na Bondwa. Wengi hawapendi jibu hilo.

Una urefu gani, na unachukua saa ngapi?

Lupanga una mita 2,138 kutoka usawa wa bahari. Mji wa Morogoro uko kwenye mita kama 500, kwa hiyo ukianza kwa miguu kutoka mjini unapanda zaidi ya mita 1,600 kwa siku moja, na unazishuka siku hiyo hiyo. Kwa kulinganisha, siku ya kwanza ya Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, kutoka langoni hadi vibanda vya Mandara, haizidishi mita 900, na pale unalala. Usidanganywe na kimo cha mlima. Kinachochosha ni tofauti kati ya ulipoanzia na unapokwenda.

Sisi hutumia saa tano mpaka sita kupanda na saa nne kushuka, ukiweka na za kupumzika. Mwenye magoti mabovu aongeze saa moja kwenye kushuka.

Lupanga si kilele kirefu kuliko vyote vya Uluguru. Hicho ni Kimhandu, upande wa kusini, kinachopita mita 2,600, na safari yake ni ya siku kadhaa, yenye maandalizi mengine kabisa.

Kibali ninahitaji?

Ndiyo. Msitu wote wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru, iliyopewa hadhi hiyo mwaka 2008 na iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, yaani TFS. Ofisi iko Morogoro mjini. Mtanzania na mgeni wa nje hulipa viwango tofauti, navyo hubadilika, kwa hiyo nenda siku moja kabla ukaulize. Utapewa namba ya malipo, utalipa kwa simu au benki, na risiti utaiweka mfukoni. Ukipanda bila kibali ukakutana na askari wa misitu, usinitaje.

Mwenyeji wa kuniongoza ni lazima? Mimi ni mzoefu.

Kwa Lupanga jibu langu ni ndiyo, na nalitoa hata kwa wazoefu. Uzoefu wa mlima wenye njia ni wa miguu na mapafu. Huku unachohitaji ni kumbukumbu: jiwe lile lenye ufa, mti ule ulioanguka mwaka jana, pale ambapo njia inaonekana kwenda kushoto lakini haiendi kushoto. Kumbukumbu hiyo hainunuliwi dukani pamoja na buti.

Mwenyeji anafanya pia kazi nyingine ambayo wageni hawaioni. Saa mbili au tatu za mwanzo mnapita kwenye mashamba ya watu, wakati mwingine uani kwao kabisa, karibu na jiko. Yeye ndiye anayepiga hodi, anayemwamkia bibi aliyekaa anachambua maharage, anayesema ninyi ni wageni wa nani na mnakwenda wapi. Bibi yule akishawaona asubuhi, anajua mnatakiwa kurudi jioni. Msiporudi, atakuwa wa kwanza kusema. Hakuna programu ya simu iliyo bora kuliko bibi wa namna hiyo.

Mtafute kupitia ofisi ya TFS au kwa watu wa utalii wa kitamaduni mjini. Muulize jambo moja tu: "Mara ya mwisho ulifika kileleni lini?" Akianza kujibu kwa kukuhesabia miaka, tafuta mwingine. Msitu wa Uluguru hufunga njia ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kwa nini unasisitiza sana kushuka? Si ndiko rahisi?

Kwa mapafu ni rahisi. Kwa kichwa ndiko kugumu, nami nitaeleza kwa mkono.

Weka kiganja mezani, vidole umevitawanya. Kilele ni kifundo cha mkono. Vidole ni migongo ya mlima inayoteremka kwenda mjini, na nafasi kati ya vidole ni makorongo. Ukipanda, hata ukianza kwenye kidole kisicho chako, utaendelea kupanda tu, na vidole vyote vinakutana juu. Huwezi kukosea sana, maana mlima wenyewe unakusanya watu. Sasa geuza safari. Uko kwenye kifundo unashuka. Kila baada ya mwendo mfupi mgongo unagawanyika mara mbili, na ndani ya msitu huoni mgawanyiko huo: unaona miti tu, na ardhi inayoteremka pande zote kwa namna ile ile. Ukichagua kidole kisicho chako, kila hatua inakuongezea umbali kutoka kwenye njia yako. Kuvuka kwenda kidole cha jirani maana yake ni kuteremka korongo na kupanda ukuta wa pili.

Mimi ndivyo nilivyofanya. Ulikuwa Agosti, tulikuwa watatu, na mwenyeji wetu tulikuwa tumemwacha nyuma kidogo amsubiri mwenzetu aliyeteguka kifundo cha mguu. Wawili tukatangulia. "Tutawasubiri pale kwenye mwamba," nikasema, kwa sauti ya mtu anayeujua mwamba. Njia ilikuwa nzuri, pana kuliko ya asubuhi. Hilo peke yake lingetosha kunishtua. Njia ya asubuhi ilikuwa inatulazimisha kuinama, na hii tulikuwa tunaitembea wima, tukipiga soga. Baada ya nusu saa ikafika kwenye shimo la zamani la kupasulia mbao, magome yameoza pembeni, ikaishia pale. Ilikuwa imetengenezwa na wapasua mbao, na wapasua mbao walipofika kwenye mti wao hawakuwa na sababu ya kuendelea.

Tulirudi juu. Uamuzi ule ndio uliotuokoa, na tuliuchukia sana. Magoti yanatetemeka, saa inakwenda, nawe unapanda mlima uliokwisha kuumaliza. Tulimkuta mwenyeji amekaa njia panda anatafuna muwa, hajui kama acheke au agombe. "Kaka, nyie mlikuwa mnakwenda kuuza mbao?" aliniuliza. Tulitoka msituni kwa tochi, na chakula tulikuwa tumeshakimaliza kileleni.

Kwa hiyo sheria zangu za kushuka: kundi haligawanyiki, hata kwa dakika tano. Unapopanda, kila njia panda unageuka nyuma uitazame kama utakavyoiona jioni, maana mti wenye kovu upande wa chini haukusaidii ukija kutoka juu. Na ukiona njia imekuwa nzuri ghafla, simama.

Nikipotea, si nifuate mto? Maji yote yanakwenda kwa watu.

Ushauri huu nausikia kila mahali. Kwenye nchi tambarare huenda unafaa. Kwenye Uluguru unaua.

Ni kweli maji haya yanakwenda kwa watu: vijito vya milima hii ndivyo vinavyoulisha Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha Dar es Salaam. Lakini maji hayaogopi genge. Yanafika kwenye mwamba yanaruka, na wewe uliyeyafuata kwenye korongo jembamba, mawe yana utelezi, unafika juu ya maporomoko ya mita ishirini huwezi kwenda mbele, na ukitazama nyuma ukuta ulioteremka kwa kukalia makalio huwezi kuupanda. Sauti ya maji nayo inafunika sauti yako. Hata wanaokutafuta hawatakusikia.

Ukipotea, fanya hivi. Kwanza kaa chini, kunywa maji, kula kitu. Mtu anayetembea kwa hofu anapoteza mwelekeo zaidi kila dakika. Kisha jiulize mara ya mwisho ulikuwa na uhakika wapi. Kama ni chini ya nusu saa nyuma, na una mwanga, rudi huko kwa kufuata nyayo zako mwenyewe. Kama hukumbuki, au giza linaingia, baki hapo ulipo, kwenye mgongo na si kwenye korongo. Puliza filimbi mara sita ndani ya dakika moja, tulia dakika moja, rudia. Filimbi ya plastiki ya mwalimu wa michezo inatosha, na inasikika mbali kuliko koo lako, ambalo litakauka mapema.

Penye mtandao piga 112 au, kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, 114. Kwenye migongo inayoutazama mji mtandao mara nyingi unapatikana, kwa sababu unaiona minara uso kwa uso. Ukigeukia upande wa nyuma wa mlima, sahau.

Ramani ya simu itanisaidia?

Itakusaidia, ukiitumia kama shahidi na si kama dereva.

Simu inajua mahali ilipo kwa satelaiti, haihitaji bando. Pakua ramani yenye mistari ya mwinuko ukiwa mjini, na rekodi safari yako tangu hatua ya kwanza. Mkipotea, rekodi hiyo itakuonyesha mlikotoka. Ila chini ya miti mikubwa iliyolowa, na kwenye makorongo, nukta inayoonyesha mlipo huruka. Mnaona mko kulia kwa mgongo kumbe mko kushoto. Betri nayo huisha haraka kwenye baridi na simu inapohangaika kutafuta mtandao, kwa hiyo iweke kwenye hali ya ndege, beba pawabenki, na simu yenyewe ikae ndani ya mfuko wa nailoni, kisha ndani ya nguo.

Dira ya kawaida, ile ya sindano, ni ya bei ndogo na haina betri. Jambo moja tu la kujua nayo: mji wa Morogoro uko kaskazini mwa Lupanga. Ukiwa kwenye ukungu, unashuka, na sindano inakuambia uso wako umeelekea mashariki au kusini, huendi nyumbani.

Nipande miezi gani?

Juni hadi Septemba. Baridi ipo, ukungu upo, lakini ardhi inashika mguu. Januari na Februari inawezekana pia, kati ya vuli na masika, ila usiwe mtu wa ratiba ngumu. Machi hadi Mei, kaa mjini ule maembe ya mwisho.

Usihukumu mlima kwa hali ya hewa ya mjini. Upepo unaotoka Bahari ya Hindi ukiwa umebeba unyevu, kizuizi chake cha kwanza kikubwa ni milima hii. Ndiyo maana miteremko ya mashariki, upande wa Kinole na Matombo, hupata mvua nyingi mno, zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka sehemu za juu, wakati mji uliojificha nyuma yake unalalamika vumbi. Lupanga uko kwenye ukingo wa hali hizo mbili. Unaweza kuondoka mtaa wa Kilakala, chini ya mlima, jua linachoma, na saa tano asubuhi uko ndani ya wingu linalodondosha maji kutoka kwenye majani bila mvua kunyesha.

Nianze saa ngapi?

Saa kumi na moja alfajiri muwe mnatembea. Mashambani mtapita kwa tochi na jua litawakuta mmeshapata kimo.

La muhimu zaidi ni saa ya kugeuka. Mimi huiweka saa saba mchana, popote tulipo. Mwezi Juni jua la Morogoro linazama kama saa kumi na mbili na dakika ishirini, lakini msituni giza linatangulia kwa karibu saa nzima. Saa saba ikifika na kilele kiko mbele kwa nusu saa, tunageuka. Nimewahi kugeuka hivyo mara mbili, mara moja nikiwa na wageni waliolipa nauli kutoka mbali, na walininunia mpaka Msamvu.

Nivae nini, nibebe nini?

Viatu ndiyo jambo la kuzungumzia, mengine ni mepesi. Mwenyeji wangu hupanda na gambuti, na wageni wenye buti za bei kali humcheka mpaka saa nne asubuhi. Gambuti haliingizi maji, haliingizi siafu, na likijaa matope unalisuuza kijitoni. Ubaya wake ni kwamba halishiki kifundo na linachubua asiyelizoea. Kama huna mazoea nalo, vaa buti zenye meno makubwa, soksi ndefu, na suruali uichomeke ndani ya soksi. Raba za mazoezi zitakufikisha kwenye mashamba ya mwisho.

Suruali iwe ndefu na shati liwe la mikono mirefu. Jinzi ikilowa inakuwa mzigo. Beba koti la mvua la kweli, sweta ambalo halitoki mfukoni mpaka juu, tochi ya kichwani yenye betri mpya, filimbi, dira, kiberiti ndani ya nailoni, bandeji, na blanketi jembamba hata kama hamna nia ya kulala. Joto hushuka karibu nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni kuna baridi zaidi ya mjini kwa nyuzi kama 10. Ukiwa umelowa jasho na upepo unavuma, meno yatagongana.

Maji lita tatu kwa kila mtu. Vijito vipo njiani mpaka karibu na mpaka wa msitu, lakini juu yake kuna mashamba na mifugo, kwa hiyo weka vidonge vya kutibu maji au chemsha. Chakula: chapati zilizoviringishwa, mayai ya kuchemsha, ndizi, karanga, kashata. Wali una tabia ya kuchacha kwenye begi ifikapo mchana, usiniulize nimejuaje.

Nyoka je? Na wanyama wakali?

Si msitu wa tembo wala simba. Utasikia mbega, utaona kima, utakuta udongo uliochimbuliwa na nguruwe pori. Nyoka wapo, na wakisikia miguu yenu wengi huondoka kabla hamjawaona. Hatari ni mkono, siyo mguu: njia ni kali, unashika mzizi au tawi ujivute, nawe hujatazama umeshika nini. Tazama kwanza. Akigongwa mtu, hapasuliwi wala hanyonywi sumu wala hafungwi kamba ya kukata damu. Anatulizwa, kiungo kinafungwa kisitikisike, anabebwa kwenda hospitali.

Wenye kuwatoa watu mbio kila safari ni siafu. Baada ya mvua wanavuka njia kama utepe mweusi unaomeremeta. Anayetangulia huruka na kupiga kelele, wa katikati hajui kinachoendelea anasimama hapo hapo kuuliza "nini?", na ndiye anayeliwa. Na ukingoni mwa mashamba angalia upupu, yale maganda yenye manyoya ya dhahabu. Ukiguswa usikune wala usikimbilie maji. Paka udongo mkavu au majivu, sugua taratibu yatoke.

Kileleni kuna nini? Mji unaonekana?

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo, heri nikuambie sasa. Kileleni kuna miti. Huoni Morogoro, huoni bwawa la Mindu, isipokuwa kwenye upenyo mmoja mmoja njiani na wingu likiwa na huruma. Nimeshawahi kukaa pale dakika arobaini ndani ya ukungu mweupe, na mwenzangu aliyekuwa hatua kumi mbele alionekana kivuli tu.

Lakini njoo nikuonyeshe msitu. Mashamba yanakoma ghafla, kama yamekatwa kwa kisu, na hatua inayofuata ni giza la kijani. Miti ya chini ni mirefu, mashina yake yameota mabawa kwenye mizizi. Kuna mmoja, Allanblackia ulugurensis, ambao jina lake la kisayansi limebeba jina la milima hii, na matunda yake makubwa ya kahawia huanguka kwa kishindo. Ukizidi kupanda miti inafupika, inajipinda, na kila tawi limevikwa vimea laini vya kijani kama manyoya, vinavyonyonya wingu. Nilikamua konzi moja siku moja, yakatoka maji ya kujaza kifuniko cha chupa. Makangaga yanasimama kama minazi midogo. Kwenye miamba yenye kivuli kuna maua madogo ya zambarau, ndugu wa yale yanayowekwa kwenye vyungu madirishani Ulaya.

Na kuna ndege ambao hawapo mahali pengine popote duniani. Mmoja ana kofia nyeusi, mgongo wa kijani na tumbo la njano, jina lake la kisayansi Malaconotus alius, naye anaishi Uluguru tu. Mimi nimemsikia, sijawahi kumwona. Chozi wa Loveridge, naye wa Uluguru tu, nimemwona mara nyingi akining'inia kwenye ua kama tone.

Naweza kuweka alama zangu, au kufyeka kidogo nipite?

Panga la mgeni libaki nyumbani, hata kama mlima wenyewe jina lake lina panga ndani. Kwanza ni hifadhi, kukata ni kosa. Pili, njia uliyofyeka leo kwa kupotea itampoteza mwenzako kesho, kama lile shimo la mbao lilivyonipoteza mimi. Alama za magome ni vile vile: mti una makovu ya kila aliyepita, aliyejua na asiyejua, na huwezi kuyatofautisha.

Ninachoruhusu ni vitambaa. Chukua khanga nyekundu iliyochakaa, ichane vipande kumi na tano. Kila njia panda funga kimoja kwenye tawi la upande mliotokea, usawa wa macho ya mtu anayeshuka. Jioni wa mwisho kwenye mstari ndiye anayevifungua na kuvihesabu. Vikitimia kumi na tano hamkukosea njia. Siku moja tulibaki na kumi na vinne, tukabishana nusu saa kama tumeruka njia panda au tumehesabu vibaya. Kilikuwa kimekwama kwenye begi la aliyebisha zaidi.

Nikipita mashambani nifuate adabu gani?

Amkia watu. Shikamoo kwa wakubwa, na usimame kidogo ujibiwe, usiirushe huku unakwenda. Usikanyage matuta. Wazee wa huku wana historia nayo: kati ya 1950 na 1955 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko hii, kazi ya kuvunja mgongo iliyoishia kwenye ghasia za 1955. Matuta unayoyaona leo watu wameyachimba kwa hiari yao, usiyabomoe kwa kutafuta njia ya mkato.

Ardhi kwa Waluguru imefuata ukoo wa mama, kwa hiyo usishangae ukiomba kupita ukaelekezwa kwa bibi au mjomba badala ya baba mwenye nyumba. Picha za watu omba kwanza. Ndizi nunua, usichume. Ndizi za huku ni rahisi kiasi kwamba kuiba ni aibu mara mbili.

Naweza kwenda na mtoto? Naweza kwenda peke yangu?

Mtoto chini ya miaka kumi na miwili, hapana; mpeleke Morningside. Peke yako, hapana. Watu wanne ndiyo idadi nzuri: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, wawili wanakwenda kuita msaada.

Kulala juu?

Uliza TFS wakati unachukua kibali. Mimi silali. Kileleni hakuna maji wala mahali pakavu.

Nikitoka Dar asubuhi nikarudi usiku, inawezekana?

Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria hadi Morogoro, Juni 2024, watu wa Dar huniuliza hili kila wiki. Treni ya kwanza ikifika, sisi tunatakiwa tuwe tumeshayamaliza mashamba. Njoo Ijumaa, lala mjini, panda Jumamosi, rudi Jumapili ukiwa unashuka ngazi za stesheni kinyumenyume kwa maumivu ya mapaja.

Nitumie faili la njia uliyorekodi basi, nitajipanga mwenyewe.

Ninazo rekodi nne. Nikiziweka zote kwenye ramani moja, sehemu ya mashamba zinalaliana vizuri kama nyuzi za ukili. Zikiingia msituni zinaachana, kila moja na lake, mahali pengine kwa mita 30 au 40, na mgongo wenyewe pale una upana wa mita 5. Ukifuata mstari wangu utakuwa unatembea hewani juu ya korongo. Moja kati ya hizo nne, tena, inakwenda moja kwa moja kwenye shimo la mbao, na kwenye skrini ndiyo iliyonyooka kuliko zote.

Nitakachokutumia ni nukta tatu za njia panda zinazowachanganya watu, ukishanipa jina la mwenyeji utakayepanda naye. Nitampigia kwanza.